Fundi Yuko Paje

Nyumba yetu ya Fuoni ilikuwa tayari kila kitu isipokuwa chini. Kuta zilikuwa zimesimama, bati limepigwa, milango ina vitasa, na mume wangu, ambaye alikuwa amestaafu kazi ya bandarini na hana haraka na jambo lolote, alikwisha kuchagua pembe ya ukumbi atakapoweka redio yake. Zilibaki marumaru za sakafu. Maboksi yenyewe yalikuwapo, yamepangwa ukutani kama mizigo ya mtu anayesubiri boti. Aliyekosekana ni mtu wa kuzipachika.

Wakati huo tulikuwa bado tunaishi Michenzani, kwenye fleti ya juu, mimi, mume wangu na dada yake. Wifi yangu huyu alikuwa mjane wa muda mrefu. Kazi yake ilikuwa kutembeza wageni katika msitu wa Jozani na kuwaonyesha kima punju, mpaka siku aliyochoka kuulizwa kama kima wanauma, akaacha. Lakini sauti ya kazi ile haikumwacha. Hata nyumbani, ukinyoosha mkono kwenye sahani ya sambusa kabla ya wakati, ungemsikia akikwambia kwa upole kwamba hapa haturuhusiwi kugusa. Mimi nilikuwa nashona nguo za wanawake. Hakuna kati yetu aliyewahi kushika mwiko wa saruji.

Fundi tulimpata kwa sifa. Kila tuliyemuuliza alimtaja mtu huyo huyo. Alikuja asubuhi moja, akaamkia vizuri, akapita vyumba vyote huku mikono ameifunga nyuma, akaigonga sakafu kwa kisigino na kusema kwamba sakafu yetu ina bahati. Hatukujua sakafu inakuwaje na bahati, lakini tulifurahi. Nilimpa chai na mkate wa kumimina niliokuja nao kutoka nyumbani. Alikula, akashukuru, akaweka ndoo yake na mwiko wake pembeni mwa ukumbi, akasema kesho anaanza.

Kesho ile hatukuiona. Tulimpigia simu, naye alipokea mara moja, maana hakuwa mtu wa kuzima simu. "Nnakuja, Bi," aliniambia. "Niko njiani." Nyuma yake nilisikia upepo mkubwa. Siku nyengine nilisikia mawimbi. Mara moja palikuwa na watu wanazungumza na kucheka karibu naye, na wifi yangu, ambaye kwa ile kazi ya Jozani alikuwa akizitambua lugha za wageni kwa kuzisikia tu, akanipokonya simu.

"Hiyo njia yako," alimwambia, "mbona ina Wataliano wengi?"

Fundi alikiri kwamba yuko Paje. Hoteli mpya ilikuwa ikimalizwa huko, na vyoo vyake peke yake vilitosha kumweka mtu mpaka azeeke. Hatukuweza kumlaumu sana. Pwani yote, kuanzia Nungwi kwa kaskazini mpaka Makunduchi kusini, ilikuwa inajengwa, na kila hoteli iliwataka mafundi wake walale hapo hapo, wale hapo hapo, wasionekane mjini mpaka kazi iishe. Sisi wenye nyumba ndogo tulibaki na simu. Hata hivyo mume wangu hakuwa na wasiwasi. Alisema fundi ameacha ndoo yake, na mtu hawezi kukimbia ndoo yake mwenyewe.

Ndoo ile tuliiamini mpaka siku tuliyokwenda Darajani, mimi na wifi, kuulizia bei ya gundi ya marumaru. Katika duka la vifaa vya ujenzi tulimkuta jirani yetu mtarajiwa wa Fuoni, mwanamke ambaye nyumba yake iko nyuma ya yetu. Alikuwa akimlalamikia muuzaji kwamba fundi wake hatokei, ila yeye ana moyo, kwa sababu fundi ameacha ndoo. Wifi akamuuliza ndoo yenyewe ni ya rangi gani. Alisema ya buluu, haina mkono. Yetu pia ilikuwa ya buluu na haikuwa na mkono. Mwanamme mmoja aliyekuwa anachagua misumari akageuka taratibu, akasema na kwake Mwera ipo.

Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindi, mtu mpole, familia yake ikiendesha duka lile tangu enzi za babu yake. Alitusikiliza huku anafunga mzigo wa mtu mwengine. Alisema yeye anauza marumaru za nusu ya kisiwa, na choo chake mwenyewe, huko Mji Mkongwe, bado ni saruji tupu, kwa kuwa kila fundi anayemwahidi hupita dukani kuchukua vifaa vya hoteli na kumpungia mkono. Akaongeza kwamba kituo cha mafunzo ya amali kinafundisha upachikaji wa marumaru wakati wa mchana, na wanapokea mtu yeyote, umri wowote. Nadhani alikuwa anamwambia yule bwana wa misumari. Wifi yangu ndiye aliyeyachukua maneno hayo.

Tuliporudi nyumbani na kumweleza mume wangu, aliuliza kama tumekusudia kweli au tunataka tu kumtisha fundi. Wifi alimjibu kwamba fundi hatishiki, ila sakafu haitojipachika yenyewe. Mimi nilikuwa na sababu zangu. Nilikwisha kuyafungua maboksi na kuzitazama zile marumaru, nikaona hazina tofauti kubwa na kitambaa: zina maua, maua yana upande, na ukikata vibaya hakuna pa kujificha.

Darasani tuliwakuta vijana wa kiume watupu. Walikuwa na adabu sana. Kila aliyetupita alituamkia Shikamoo, na kwa kuwa karakana ilikuwa ndogo na kila mtu anapita akitafuta koleo au maji, tulishinda tunaitikia Marahaba hata mdomo ukauka. Mwalimu wetu alikuwa mtu wa Tumbatu, mfupi, asiyecheka, ambaye hakuturuhusu kugusa saruji. Tulipachika kwa udongo. Ukimaliza ukuta mzima, alikuja na pima maji yake ya kupimia usawa, akaweka hapa na pale, akaguna, kisha akakwambia ubandue zote, uzioshe na uanze upya. Wifi alimuuliza lini tutaweka marumaru zitakazobaki. Mwalimu alimjibu kwamba siku atakapoona haya kuzibandua.

Siku hiyo ilianza kukaribia. Tulijua kukata kwa mashine bila ya kufumba macho. Tulijua kupanga kutoka katikati ya chumba badala ya kuanzia mlangoni na kumalizia na vipande ukutani. Goti la wifi liliuma, nikamshonea mito ya sponji ya kufunga magotini, na baada ya siku chache vijana wote walitaka mito kama ile, nikawa nasoma mchana na kushona jioni.

Kisha basi dogo la hoteli likaja kituoni. Lilimshusha bwana mmoja mwenye kofia ya plastiki, akazungumza na vijana nje kidogo, na kesho yake darasa lilikuwa na watu wachache. Wiki iliyofuata basi lilirudi, tukabaki mimi, wifi, na kijana mmoja aliyekuwa amevunjika mkono. Mwalimu aliendelea kufundisha kama kwamba hajaona. Alituambia tumefika pazuri, kwamba kuta tunaziweza na sakafu za vyumba tunaziweza, na wiki ijayo ataanza somo la sakafu ya choo, ambalo lina mambo yake. Wiki ijayo tulikwenda, tukakuta mlango umefungwa. Mlinzi alitwambia mwalimu naye amechukuliwa.

Tulisimama pale nje, sisi wawili na mito yetu ya magotini. Wifi alisema choo ni chumba kama chumba chengine, kidogo tu, tena kidogo ni rahisi zaidi. Maneno yale yaliniingia akilini.

Tulianza na choo cha Fuoni. Tuliifanya kazi ile kwa mapenzi. Maua yote yalitazama upande mmoja, mistari ilinyooka, na pima maji ukiiweka popote, kiputo chake kilikaa katikati kabisa, hakitikisiki. Jirani wa nyuma alikuja kuangalia, akaita wenzake, na wifi akawapokea mlangoni kwa ile sauti yake, akiwaomba wabaki nyuma ya mstari na wasiguse. Mume wangu alisema kwa kweli hakutegemea. Akachukua taulo akaingia kuwa mtu wa mwanzo kuoga.

Tukamsikia akimwaga maji. Halafu akaniita, nami nikamwitikia naam, akaniuliza kwa utulivu maji yanatakiwa yaende wapi. Tulipotazama kwa uwazi wa mlango, maji yalikuwa yametulia sakafuni kama chai ndani ya kikombe, na tundu la kutolea maji limekaa katikati yake, mdomo umeinuka kidogo, mkavu. Sakafu yetu ilikuwa imelala sawa kama meza. Maji yalingoja kidogo, hayakuambiwa lolote, yakaamua wenyewe kuja ukumbini.

Wifi alimpigia simu mwalimu. Alipokea, na nyuma yake upepo ulikuwa ule ule tuliouzoea. Alipoelezwa akasema, "Hilo ndilo somo la wiki ile." Akatufundisha kwa simu, wifi amekaa juu ya ndoo ya buluu, mimi nimeinama na kipande cha chaki. Tuvute uzi kutoka kila pembe ya ukuta mpaka kwenye tundu, na kila uzi ushuke. Tutafute gololi. Popote tutakapoiweka gololi, iende kwenye tundu bila kuombwa, na ikikataa basi tubandue. Tulizibandua zote kwa tindo na nyundo. Hizi hazikuwa za udongo, na nyingi zilivunjika. Nilipokuwa navunja maua yangu niliyoyapanga kwa taabu, nilielewa kwa nini mwalimu hakuwa mtu wa kucheka.

Mara ya pili gololi ilikwenda. Mume wangu aliiweka mwenyewe kwenye kila pembe, akawa anaifuata kwa macho, na nadhani alirudia mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Tukatia marumaru nyumba nzima, tukahamia.

Hatukupumzika. Jirani wa nyuma alikuja na chakula, na mtu akikuletea biriani siku ya kawaida ujue ana sakafu. Tulimfanyia. Baada yake akaja bwana wa misumari wa Mwera, kisha dada yake, kisha mtu aliyesikia kwa dada yake. Mwenye duka wa Darajani alituita Mji Mkongwe kwa ajili ya choo chake, juu kabisa ya nyumba ya mawe na chokaa, ambako kuta zimejengwa na watu ambao bila shaka hawakupenda pembe. Hakukuwa na ukuta ulionyooka. Upande mmoja wa chumba ulikuwa mrefu kuliko upande ulioutazama, na tulipoiweka timazi, ile kamba yenye uzito wa kupimia wima, ukuta uliiacha chini kabisa na kuondoka zake. Mke wa mwenye duka aliketi mlangoni kwenye kiti, akitupa chai ya tangawizi na kutukumbusha kwamba nyumba hii imekaa hivi tangu azaliwe mama mkwe wake na haijaanguka. Hapo ushoni ulinisaidia. Mwili wa mtu nao haujanyooka, na nguo hukaa. Nilizikata marumaru za pembeni moja moja kwa kuzipunguza, kama ninavyopunguza kiuno, na mtu akisimama mlangoni haoni kasoro mpaka aoneshwe.

Ikafika wakati simu zilituzidi, tukampa mume wangu kazi ya kuzipokea. Alijibu kwa sauti ya bandarini, pole pole na kwa heshima. Siku moja tulikuwa sote mezani tunakula wali na samaki wa kupaka, simu ikalia, nikamsikia anasema, "Wako njiani, Bwana." Wifi akaacha kula, akamtazama. Mume wangu alisema watu wanapenda kuambiwa hivyo, huwa wanakata simu wakiwa na furaha.

Posa ya wifi ilikuja katika kipindi hicho. Mposaji alikuwa mjane wa kiume, mtu wa kaskazini, mfanyabiashara wa dagaa, ambaye, katika nyumba ya ndugu yake mwenyewe tuliyokuwa tukiitia marumaru, alimwona wifi amepiga magoti anapima pembe. Alikuja na binamu yake, wakaketi barazani na mume wangu, wakazungumza mazungumzo marefu ya mvua na bei ya dagaa, mpaka wakafika kwenye jambo. Mume wangu alimpenda. Alikuja ndani kutuletea habari uso umemchangamka.

Wifi hakuuliza umri wala watoto. Aliuliza, "Ana nyumba?"

Anayo, mpya, Bumbwini.

"Imefika wapi?"

Mume wangu alirudi barazani kuuliza. Akaja na jibu kwamba imekwisha, imebaki sakafu tu.

Wifi alijifuta mikono kwa kanga, akamtuma kaka yake amwambie yule bwana kwamba anamshukuru, na amekubali, ila sharti lake ni moja: kwanza atie marumaru nyumba yake, kwa mkono wa fundi mwengine. Hatoingia nyumba ya mume kwa mlango wa kazi.

Yule bwana alilipokea sharti kwa uungwana, akaenda kutafuta fundi. Masikini hakujua anachokitafuta. Alipiga simu Nungwi, akapiga Kiwengwa, akapiga Paje. Alikuja akituletea habari, na kila akija alikuwa na dagaa na matumaini, na kila akirudi hakuwa na hata kimoja. Mara alitwambia kwa furaha kwamba amempata fundi mmoja mzuri, amekuja, ameisifu sakafu na ameacha ndoo. Mume wangu alimuuliza rangi ya ndoo. Alipojibiwa, akamwekea mkono begani.

Miezi ikapita na harusi imekaa kwa sababu ya fundi. Mimi nilimhurumia. Siku moja wifi alipokuwa ametoka kwenda kazini Mji Mkongwe, nilimwambia mposaji kama anaweza kuvumilia magoti, nitamfundisha mimi. Basi akawa anakuja siku ambazo wifi hayupo, tukifanya kazi uani nyuma ya nyumba, mume wangu ameketi baina yetu kwenye kiti kwa ajili ya heshima. Nilimpa udongo na marumaru zilizobaki. Alipomaliza safu, nilipima, nikaguna, nikamwambia abandue. Mume wangu, aliyedai kwamba yeye hana habari na kazi hii, alianza kwa kumshikia uzi. Kisha akawa anamsahihisha. Mwisho nilimkuta yeye ndiye aliyepiga magoti na mposaji ndiye amekaa kwenye kiti, wanabishana kuhusu kona.

Wifi aliona udongo kwenye makoleo. Aliona pia kwamba mito ya magotini ilikuwa imelegea, kana kwamba imevaliwa na mtu mwenye miguu minene. Hakuuliza, na mimi sikujieleza. Ila jioni moja aliacha juu ya meza gololi mpya, akaenda zake kulala.

Yule bwana alizitia mwenyewe, chumba baada ya chumba, akifunga biashara ya dagaa siku nzima nzima. Alipomaliza alileta salamu, na nikaha ikafungwa. Nilimsindikiza wifi Bumbwini na wanawake wengine. Nyumba ilikuwa imefukizwa udi, na yule bwana alikuwa amesimama pembeni mwa ukumbi akiangalia miguu ya bibi harusi kuliko alivyoangalia uso wake.

Wifi alivua viatu mlangoni. Akapita ukumbini pekupeku, taratibu, kama alivyokuwa akipita msituni na wageni nyuma yake. Katikati ya ukumbi alisimama, akarudisha unyayo nyuma, akaupitisha tena mahali pale pale.

"Hapa pamepanda kidogo," alisema.

"Najua," alijibu mumewe. "Siku ile nilichoka."

Wanawake waliokuwapo hawakujua wacheke au wanyamaze. Wifi aliangalia huku na huku, akachukua mkeka mpya tuliokuja nao katika vyombo vyake, akautandika juu ya mahali pale, akaketi, na kuomba maji ya kunywa. Nimekwenda huko mara nyingi tangu wakati huo, na mkeka bado uko pale pale.